Papa aliondoka bila kukabidhi zamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua hii imepita urefu mnaoutaka. Ikibidi ikatwe, kata popote upendapo, lakini niachie sehemu ya filimbi.

Jumatano iliyopita nilipanda matatu pale Yaya Centre nikirudi Kawangware. Ilikuwa mojawapo ya zile zenye skrini nyuma ya dereva na muziki wa kutikisa magego. Tulipokaribia Valley Arcade muziki ukakatika ghafla, nadhani flashi ilikuwa imechanganywa vitu, na kwenye skrini akatokea mtu mnene, uso wake umejaa malalamiko ambayo bado hajayatoa. Nilianza kucheka kabla hajafungua kinywa. Mwanafunzi aliyeketi kando yangu akaniuliza, "Huyo ni nani?" Kabla sijamjibu, makanga akabonyeza kitu, muziki ukarudi.

Nikamwambia, "Kaka, rudisha kidogo."

Akanitazama kwa huruma. "Mathe, hiyo ni ya kitambo."

Nina miaka 28, Mhariri. Sikuwa nimewahi kuitwa mathe, yaani mama, na mtu mwenye ndevu.

Kwa wasiomjua, na naona sasa wapo, yule alikuwa Papa Shirandula. Kipindi cha vichekesho chenye jina lake kilionyeshwa na runinga ya Citizen kwa zaidi ya miaka kumi. Kisa chake kilikuwa cha mwanamume wa Magharibi aliyekuja Nairobi kutafuta, akapata kazi ya usoja, yaani ulinzi wa getini, akaificha kazi hiyo kwa mkewe Wilbroda. Mwigizaji wake alikuwa Charles Bukeko, yuleyule wa "Brrr" katika tangazo la Coca-Cola. Wilbroda alikuwa Jacqueline Nyaminde, na yaya Awinja alikuwa Jacky Vike. Otoyo aliigizwa na Kazungu Matano, na Njoro na Kenneth Gichoya. Jalang'o naye, Felix Odiwuor, alichaguliwa na watu wa Lang'ata mwaka 2022 kuwa mbunge wao, na mimi kila nikimwona kwenye habari amevaa suti husubiri kicheko kifuate.

Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita ukurasa huu ulichapisha barua ya msomaji aliyesema vipindi vile vya zamani vilitufunza kuchekana lafudhi, kwamba vilikuwa vya masoja na mayaya tu, na afadhali vimekufa. Kuhusu lafudhi nitarudi. Hapo pa masoja ndipo aliponikanyaga, kwa sababu mimi ni mtoto wa soja. Nililijua jambo hilo kupitia kipindi hicho.

Kwetu ni Khayega, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, ukishapita lile Jiwe Linalolia la Ilesi. Kwa lugha yetu "papa" ni baba. Kwa hivyo nyumbani kipindi hakikuwa na jina la ajabu. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikiita tu "cha Papa", na mara nyingine ilibidi umwulize ana maana ya Papa yupi, wa kwenye runinga au mwanawe aliyekuwa Nairobi.

Mwanawe huyo, baba yangu, alikuwa akija Desemba kwa basi la usiku. Alishuka stendi akiwa na tai. Sisemi shati zuri, nasema tai, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye vumbi la Khayega, na mkoba mweusi mgumu wa kufuli za nambari. Watu wa sokoni walimsalimu kwa heshima. Ukiuliza anafanya kazi gani, jibu lilikuwa "yuko na kampuni". Hakuna aliyeuliza kampuni inafanya nini. Karo ililipwa, mabati yalibadilishwa, nani aulize maswali?

Nilikuwa na miaka kumi nilipogundua kwamba nambari za kufuli la mkoba hazikuwa zimewahi kubadilishwa. Zilikuwa sufuri tatu. Niliufungua nyuma ya ghala la mahindi nikitarajia karatasi za ofisi. Ndani mlikuwa na tochi, soksi mbili zisizofanana, gazeti la wiki kadhaa nyuma, na filimbi ya chuma yenye kamba ya kijani. Nikaipuliza. Kuku walitawanyika, mbwa wa jirani akabweka, na Mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akaninyang'anya.

"Ya nani?" nikauliza.

Mama hakusita hata kidogo. "Ni ya refa. Baba yako huchezesha mpira wa kampuni."

Muhula wote uliofuata nilitamba nayo shuleni. Wavulana waliniuliza kama Baba aliwahi kuchezesha AFC Leopards. Nikasema ndiyo. Dhidi ya Gor Mahia? Nikasema hasa hiyo, na kwamba alimpa mchezaji wa Gor kadi nyekundu. Mungu anisamehe, na mashabiki wa Gor pia.

Runinga ililetwa Desemba 2009. Ilikuwa Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi, imefungwa blanketi, imesafiri kutoka Nairobi mapajani mwa Baba kwa sababu hakuiamini buti ya basi. Umeme haukuwa umefika kwetu. Tulitumia betri ya gari, ambayo kaka yangu aliipeleka sokoni kuchajiwa kwa Sh50, akiiendesha kwa wilibaro kama mgonjwa. Antena ilifungwa juu ya mwanzi mrefu. Picha ikipotea, mmoja wetu alitoka nje kuuzungusha mwanzi, na aliye ndani alipaza sauti: "Bado! Bado! Hapo! Umepitisha!" Betri ilihesabiwa. Habari za saa moja ziliangaliwa nusu, muziki haukuangaliwa kabisa, ili nguvu ibaki ya cha Papa. Ikifika dakika za mwisho za juma la betri, picha ilikuwa ikijikunja kutoka pembeni, ikajikunja, mpaka Papa akabaki mwembamba kama kiberiti katikati ya giza, bado anaongea.

Mama alikipenda kipindi hicho kuliko sisi wote, na alicheka namna ambayo sasa naielewa. Mwanamke yule wa kwenye skrini hakujua mumewe ni soja. Mama alijua kuhusu wake, naye alikuwa akimchekea Wilbroda kwa niaba ya miaka yake yote ya kunyamaza.

Desemba 2010 Baba akawepo nyumbani jioni ya kipindi. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kukiangalia pamoja naye. Tuliketi hivi: Kukhu kwenye kiti chake cha kamba, Baba kando yake, tai imelegezwa, sisi watoto chini kwenye mkeka, Mama mlangoni akichambua mboga za mrenda. Tulicheka. Baba hakucheka. Aliangalia jinsi mtu anavyoangalia mtihani wa mwenzake. Kulikuwa na tukio la Papa yuko kazini, ameegemea, anapiga domo na mtu. Na Baba, bila kutazama kando, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hapo amekosea. Soja hageuzii geti mgongo."

Kicheko chetu kikakatika. Mama aliacha kuchambua mboga. Hata kaka yangu, ambaye huwa haelewi jambo mpaka kesho yake, alielewa. Mimi niliona filimbi, tochi, kamba ya kijani. Kukhu akamgeukia mwanawe polepole.

"Wewe umejuaje?"

Nakumbuka Mama akianza kusema kitu, nadhani refa alikuwa anarudi. Baba akamwinulia mkono kidogo.

"Ndiyo kazi yangu, Mama."

Kwenye skrini Papa aliendelea kuzozana na mwenzake. Kukhu alimwangalia Baba kwa muda niliouona mrefu sana, labda ulikuwa mrefu kiasi cha mtu kumeza chai. Kisha akageuza uso kwenye runinga.

"Basi nyamaza tusikie," akasema.

Ndiyo yote yaliyosemwa. Jambo hilo halikuzungumzwa usiku huo wala siku iliyofuata. Ila asubuhi Baba aliipeleka betri sokoni mwenyewe, akisukuma wilibaro, shingo wazi. Ile tai sikuiona tena mpaka kaka yangu alipoivaa kwenye picha ya kumaliza darasa la nane.

Kwa hivyo msomaji wako anaposema masoja na mayaya tu, mimi nauliza: tu?

Sasa lafudhi. Hapo msomaji ana hoja na sitamnyima. Mwaka 2011 Baba alinileta Kawangware nimalizie shule ya msingi huku. Kawangware ina Waluhya wengi kiasi kwamba kuna mtaa mzima utadhani uko Kakamega, lakini shuleni haikunisaidia. Nilisema neno moja darasani siku ya kwanza, na kufikia mapumziko nilikuwa Awinja. Si kwa mapenzi. Nilipigana na msichana mmoja kwa sababu ya jina hilo na nikachanika sketi. Zilikuwepo jioni ambazo kipindi chenyewe kilikuwa kivivu: mtu anaingia, anatamka "p" pale penye "b", kicheko kimepatikana, basi. Kama mwandishi angetolewa lafudhi mfukoni angebaki hana mzaha. Nayasema haya kwa mdomo wangu mwenyewe nikiwa shabiki.

Lakini Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa mtoto wa darasa la nne, Baba amekwama Kawangware, sisi Khayega tunasubiri simu ambayo haipigi. Nilijifunza mwaka huo kwamba lafudhi inaweza kumsimamisha mtu barabarani akaulizwa maswali ambayo jibu lake liko kinywani mwake tayari. Kisha muda si mrefu baadaye nikawa naona Mluhya, Mkikuyu, Mmeru na Mjaluo wanagombana sebuleni kwetu kila wiki, na wiki inayofuata wamo tena, hakuna aliyehama. Kwangu mimi hilo halikuwa dogo. Jina la Awinja nalo nililizoea, kisha nikalitumia: kidato cha pili niliigiza yaya katika tamasha la drama, nikasema kwa lafudhi yetu kamili, ukumbi ukashangilia. Yule msichana wa sketi ndiye aliyenishonea vazi.

(Kawangware ndiko nilikoona kipindi kwa rangi mara ya kwanza. Nilihisi nimedanganywa. Kwa mwaka na zaidi nilikuwa nimewapaka rangi zangu mwenyewe, na Wilbroda wangu hakuwahi kuvaa vile.)

Kipindi hicho kilituzimikia mara ya kwanza Februari 2015, wakati mitambo ya analogi ilipofungwa na Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Mjini watu walinunua ving'amuzi wakasahau. Khayega, Great Wall ilibaki na chengachenga. Kukhu alimpigia Baba simu. Nilikuwepo, Baba aliweka spika. Hakuuliza habari za analogi. Aliuliza, "Papa amekwenda wapi?" Baba akamjibu, "Niko hapa, Mama." Kukhu akasema, "Si wewe."

King'amuzi kilinunuliwa Agosti, pesa za karo zilipopumua. Kufikia hapo umeme ulikuwa unakaribia, kaka alikuwa ameondoka, na Kukhu alikuwa akisinzia kabla ya habari kwisha. Kipindi kilirudi lakini mkeka haukutandikwa tena.

Mwaka huohuo, tarehe 12 Julai, alifariki Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Hapo ndipo nilipojua kwamba Baba naye alikuwa na cha kwake. Alikuja Nairobi kijana mwaka 1991, na Vitimbi ya KBC alikuwa akiitazama akiwa amesimama nje ya dirisha la kinyozi, kwa sababu ndani waliketi wanaonyolewa. Anasema kuna majuma alinyolewa nywele ambazo hazikuwa zimeota, ili apate kiti. Alipenda Mzee Ojwang' anavyobishana na Mama Kayai, na alikuwa na hakika kwamba ni Mjaluo halisi, labda wa Siaya. Gazeti lilipoandika kwamba marehemu aliitwa Benson Wanjau, Baba alilishika karibu na macho kisha akaliweka mbali, kama vile umbali ungebadilisha jina. "Miaka yote hii?" akasema. "Mkikuyu?" Mama Kayai naye kumbe ni Mary Khavere, jina la huku kwetu. Baba alicheka, akajipangusa macho kwa kofia ya sare, akaenda zamu.

Mimi nilikuwa na miaka 17. Nilimwona kama mzee anayelilia kitu cha zamani. Makanga wa Jumatano angenielewa.

Kisha mwaka 2020. Ulikuwa mwaka wa masoja, ingawa hatukuliandika hivyo popote. Nchi iliambiwa ikae nyumbani. Baba aliambiwa asimame getini na kile kipimajoto cha mfano wa bastola, awapime paji la uso watu ambao kwa miaka minane hawakuwahi kumtazama usoni. Julai kafyu ilikuwa inaanza saa tatu usiku. Zamu yake ilianza saa kumi na mbili jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa naishi chumba changu mwenyewe, mjamzito, na nilikuwa nimeacha kufuatilia kipindi muda mrefu. Huo ndio ukweli, na unaniuma zaidi ya yote. Nimejaribu kukumbuka kipindi cha mwisho nilichokiangalia. Nakumbuka mvua ilianza, nikatoka kuanua nguo, na niliporudi kilikuwa kimekwisha. Kisa kilihusu nini sijui. Nilidhani wiki ijayo ipo.

Jumamosi tarehe 18 Julai Charles Bukeko alifariki kwa korona. Alikuwa na miaka 58. Siku chache baadaye tulimwona akizikwa Funyula, kaunti ya Busia, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, haraka, mtu aliyekuwa akijaza skrini kwa tumbo na sauti. Hatukuwa tumezoea kuona mazishi ya kwetu bila umati, bila ngoma za isukuti, bila mtu wa kupanda juu ya kiti na kusimulia marehemu alivyomkopa. Na kipindi kikaenda naye. Hakukuwa na kisa cha mwisho, Wilbroda hakuketishwa akaambiwa yote, Otoyo hakubaki getini peke yake. Ilikatika katikati kama betri ya Khayega.

Simlaumu mtu. Kifo hakitoi ilani, na mwaka ule kila mtu alikuwa anazika. Nilimsikia pia mtu akipendekeza atafutwe Papa mwingine. Nilimpelekea Baba wazo hilo, naye alinijibu kwa lugha ya kazi yake. Zamu, aliniambia, haipokewi hewani. Soja anayetoka na soja anayeingia husimama pamoja getini. Wanahesabu funguo, wanaangalia kufuli, anayetoka anaandika kwenye daftari alichokiona, anayeingia anatia sahihi. Mtu akiondoka bila kukabidhi, hata aje mlinzi hodari kiasi gani, daftari lina pengo na kila kitakachopotea kitahesabiwa kuwa kilipotea hapo.

Ombi langu kwa wahusika linatoka hapo, na ni dogo. Siombi kipindi kirudi. Naomba waigizaji waliobaki waketishwe hata nusu saa, wakiwa na majina yao wenyewe, wakabidhi. Watuambie kisa kilikuwa kinaelekea wapi. Wamtaje mwenzao. Na mikanda, kuanzia ile ya kwanza kabisa, ihesabiwe kama funguo, ihifadhiwe mahali panapojulikana, si vipande vya dakika tatu vinavyoelea mtandaoni na kwenye flashi za makanga. Vitimbi pia, kwa ajili ya Baba.

Nimalizie na Desemba. Baba alistaafu mwaka 2022 akarudi Khayega. Sasa ana ng'ombe wawili, runinga bapa ya ukutani na rimoti ambayo hamkabidhi mtu. Kwenye runinga hiyo nilimwekea mwanangu, ana miaka mitano, kipande kimoja cha Papa kutoka kwenye simu yangu. Alicheka, lakini si mahali tulipochekea sisi. Alicheka Papa alipoketi na kiti kikalia. Akauliza kama ni babu yule. Baba akasema, "Karibu awe yeye."

Baadaye mtoto akapotea, na kabla hatujamtafuta tukasikia filimbi nyuma ya ghala. Kuku walitawanyika. Alikuwa ameupata ule mkoba mweusi, na sufuri zilikuwa bado tatu. Baba alinitazama, akanikonyeza.

"Mwambie ni ya refa."

Ndani ya mkoba safari hii mlikuwa na vijitabu vya mfukoni kama ishirini vimefungwa kwa raba ya tyubu. Daftari la zamu ni mali ya mwajiri, lakini Baba alikuwa na nakala yake binafsi ya kila usiku, tangu siku aliposingiziwa jenereta ambayo iliondoka mchana, hakuwapo. Nilikitafuta cha 2020. Nilimwomba ruhusa ya kunakili ukurasa huu, akasema andika lakini nyumba usiitaje:

"18/7/2020. Usiku. Nimepokea saa 12 kamili. Funguo 4, tochi 1, kipimajoto 1. Taa ya nyuma haiwaki, nimeripoti. Papa amefariki. Gari la nyumba namba 3 limeingia saa 2 na dakika 50. Mbwa wamekula. Taa ya nyuma bado."

Ni mimi,
Binti wa Soja,
Kawangware, Nairobi